Maskani Hujaa, Kura Hazihami

Msomaji mmoja wa Kisauni ameniandikia hivi:

"Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu tuna maskani yetu huku Kisauni. Julai 2022, usiku wa mdahalo wa urais, tulichanga pesa, tukakodi projekta na kutundika shuka ukutani. Watu walifurika mpaka barabarani. Tulikuwa tumesikia kwamba mmoja wa wale wakubwa wawili hatakwenda, lakini watu hawakuamini mpaka walipoona jukwaani kuna mtu mmoja. Haikupita nusu saa, nusu ya watu washatoka, na wengine waliobaki wakarudi kwenye karata zao. Sasa 2027 inakuja. Nimependekeza turudie, wenzangu wananicheka: ati watu hutazama mdahalo kama wanavyotazama mpira, hakuna anayehamisha kura yake kwa maneno ya runingani. Je, hamu ile niliyoiona ina maana yoyote? Na tukionyesha tena, tuonyeshe upi?"

Marahaba, mwanangu. Kazi iliyonilisha miaka mingi hapa Pwani ni kuuliza watu walichotazama jana usiku na walichosikiliza asubuhi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilisimama pale pale: nusu saa, nusu ya watu. Umehesabu kitu ambacho wengi wetu tunaolipwa kuhesabu hatukioni, yaani waliotoka. Wenzako wamesema kweli, lakini ukweli wao ni wa mdahalo mmoja tu, ule mkubwa. Hamu ya kutazama na nguvu ya kuhamisha kura hazitembei pamoja. Mara nyingi hupishana njiani kama feri mbili za Likoni.

Tuanze na waliotoka. Mtu hakai mbele ya shuka saa mbili nzima ili apewe sera. Sera ziko kwenye manifesto, na manifesto tunajua nani huisoma. Anakaa kwa sababu hajui kitakachotokea: nani atababaika, nani atamkata mwenzake kauli, swali gani litamtoa jasho yule aliyezoea kushangiliwa. Mgombea akiwa peke yake jukwaani, kitendawili kimeshateguliwa. Msema pweke hakosi, na asiyeweza kukosa anatazamwa kwa lipi? Usiku ule wenu, 26 Julai 2022, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki huko Nairobi, William Ruto aliulizwa maswali na Yvonne Okwara na Eric Latiff, Raila Odinga akawa hakwenda. Ukumbi huo huo, 24 Julai 2017, Raila ndiye aliyesimama pweke na Uhuru Kenyatta ndiye aliyeususia. Yote mawili yalikuwa mahojiano marefu. Watu wako wa Kisauni walilitambua hilo upesi kuliko wahariri walioendelea kuyaita mdahalo.

Na hapa nikuchokoze kidogo. Mlikodi projekta wiki isiyo yake. Siku saba kabla, 19 Julai, Martha Karua na Rigathi Gachagua walikuwa wamekabiliana kama wagombea wenza, Sophia Wanuna na James Smart wakiuliza. Pale palikuwa na watu wawili, kila mmoja akijua mwenzake anamsikia. Usiku ule mimi nilikuwa Majengo, nyumbani kwa jamaa, na nakumbuka mpaka mama wa nyumba aliyekuwa akikanda unga wa mahamri ya asubuhi aliacha bakuli akaja kusimama mlangoni na mikono yake imejaa unga.

Ukitaka kujua hamu ya Wakenya ilikuwaje ilipokuwa bado changa, rudi Jumatatu ya 11 Februari 2013. Ndiyo mara ya kwanza nchi hii kuwaona wagombea urais wamesimama pamoja, katika shule ya Brookhouse, Nairobi, Linus Kaikai na Julie Gichuru wakiendesha. Walikuwa wanane: Uhuru, Raila, Musalia Mudavadi, Martha Karua, Peter Kenneth, James ole Kiyiapi, na wawili walioingizwa dakika za mwisho, Paul Muite na Mohamed Abduba Dida, baada ya Muite kwenda mahakamani kulalamika kwamba ameachwa nje. Dida alikuwa mwalimu ambaye hata waliokuwa wakifuata siasa kila siku hawakumfahamu vizuri. Asubuhi yake, kuanzia Marikiti mpaka Kongowea, watu walikuwa wakimwiga sauti.

Sasa, ni wangapi walitazama? Utaletewa tarakimu kubwa, na mimi nimewahi kuwa mmoja wa wanaozileta, kwa hivyo nikuambie jinsi zinavyopikwa. Sisemi zinapikwa kwa uongo. Zinapikwa kama wali, mpishi ni mwingine na sufuria ni nyingine. Mdahalo ule wa 2013 ulirushwa kwa pamoja na vituo 8 vya runinga na redio 34. Aliyetaka tamthilia yake usiku ule alihama kituo hiki akaenda kile, akawakuta watu wale wale wanane. Huyu tunamhesabu kuwa ana hamu ya siasa au tunamhesabu kuwa amekosa pa kukimbilia? Fomu zetu zilimweka pamoja na yule aliyekaa kwa moyo wake, maana fomu haina kisanduku cha "nilinaswa".

Halafu kuna suala la runinga yenyewe. Sensa ya 2019 ilikuta kaya 4 hivi katika kila 10 nchini ndizo zenye runinga inayofanya kazi. Waliobaki wanatazama kwa jirani, kwa kinyozi, kwenye mkahawa, kwenye maskani kama yenu. Runinga moja ya kinyozi pale Mwembe Tayari huenda ina watu 25 wanaochungulia, na nyingine iliyo sebuleni Nyali inamwongelesha mbwa. Kwenye jedwali zinaweza kuwa sawa.

La tatu ni aibu. Ukimwuliza mtu kama alitazama mdahalo, anahisi umemwuliza kama yeye ni raia mwema. Atakuambia alitazama. Nimewahi kumhoji mzee mmoja Likoni aliyenisimulia mdahalo kwa ufasaha, mpaka mjukuu wake akacheka: babu alilala saa mbili, amesimuliwa feri asubuhi. Si tabia ya Likoni tu. Markus Prior, mtafiti wa Princeton, alilinganisha idadi ya Wamarekani wanaosema walitazama midahalo na idadi iliyonaswa na vifaa vya kampuni ya Nielsen vilivyofungwa kwenye runinga za watu. Wanaosema walikuwa kama mara mbili ya waliotazama.

Kwa hivyo ukisikia hamu imepanda au imeshuka, uliza kwanza imepimwa dhidi ya nini. Wamarekani hujivunia kwamba mdahalo wa kwanza wa Hillary Clinton na Donald Trump, 26 Septemba 2016, ulitazamwa na watu milioni 84, rekodi ya midahalo yao. Mdahalo wa kwanza kabisa, wa John Kennedy na Richard Nixon mjini Chicago tarehe hiyo hiyo mwaka 1960, ulitazamwa na milioni 70 hivi. Lakini mwaka 1960 Wamarekani walikuwa milioni 180, na 2016 walishazidi milioni 320. Zamani walitazama karibu watu 4 katika kila 10. Juzi mmoja katika kila wanne. Ufaransa, mdahalo wa duru ya pili mwaka 1974 ulikusanya watu milioni 25 hivi, na ule wa Emmanuel Macron na Marine Le Pen mwaka 2022 ulikusanya milioni 15.6, ilhali Wafaransa wameongezeka. Zamani hizo vituo vilikuwa vichache na vyote vilionyesha kitu kimoja. Siku hizi kuna simu mkononi, na kipande cha sekunde 40 kitakufikia hata kama ulilala. Huyo wa sekunde 40 hesabu zetu bado zinahangaika kumweka mahali pake.

Nikiwa kwenye Kennedy na Nixon, niondoe hadithi moja ambayo lazima mtu wa maskani yenu ataileta: kwamba waliosikiliza redioni walimwona Nixon mshindi na waliotazama walimwona Kennedy. Inapendeza, na wanafunzi wangu huiandika kila mwaka kwenye mitihani. Imesimama juu ya uchunguzi mmoja wenye wasikilizaji wachache, na waliosikiliza redio Marekani mwaka ule hawakuwa watu sawa na waliokuwa na runinga. Wengi walikaa mashambani, ambako Kennedy, Mkatoliki, hakupendwa sana hata kabla hajafungua mdomo. Ichukue kama ngano.

Haya, kura. Wachumi wawili, Caroline Le Pennec na Vincent Pons, walikusanya data za chaguzi 62 katika nchi 10 tangu mwaka 1952, wakatazama midahalo 56 ya runinga: kabla na baada, je, wapiga kura walibadilisha chaguo? Hawakuona athari. Wapo watu wanaoamua katika miezi miwili ya mwisho, na si haba, kati ya asilimia 17 na 29, lakini hawakuamua kwa sababu ya usiku wa mdahalo. Wenzako washike hapo, ni hoja yao na ni hoja nzito.

Sababu si ngumu kuiona. Wenye hamu kubwa zaidi ya kutazama ndio waliokwisha amua. Anayefuata timu tangu utotoni ndiye anayewahi kiti cha mbele, na wala haendi kuchunguza ni timu gani aishabikie. Yule asiye na timu, ambaye maneno yangeweza kumgeuza, ndiye aliyerudi kwenye karata. Kwa hivyo wenzako wakisema "kama mpira" wasidhani wamewatukana watu. Wameeleza nani yuko mbele ya shuka.

Mifano ya nyumbani? Mwaka 2013 Peter Kenneth alisifiwa kila mahali kwa majibu yake. Nilisikia watu wazima pale Makadara wakiapa kwamba huyu ndiye rais wao. Alipata kura 72,786 nchi nzima, hata asilimia moja hakufika. Angalia lakini huyu mwingine: Dida, mwalimu wetu asiyejulikana, alipata 52,848, akampita Martha Karua, waziri wa zamani, aliyepata 43,881. Siwezi kukuthibitishia kwamba ni mdahalo peke yake uliofanya hivyo, ila sijui ni wapi pengine Wakenya wengi hivyo wangemsikia. Kwa mtu ambaye jina lake limeshajaa masikioni, mdahalo hauongezi wala haupunguzi. Kwa asiyejulikana, hata mlango mdogo ni mlango. Na bado usiifanye kanuni: mwaka 2022 David Mwaure aliingia ukumbini akajibu maswali, George Wajackoyah akakataa kupanda jukwaani kwa kuwa hakutaka kutengwa na wale wakubwa wawili. Aliyekataa alipata kura 61,969, aliyekubali 31,987.

Waingereza walipata somo kama la Kenneth miaka mitatu kabla yetu. Aprili 15, 2010, mdahalo wao wa kwanza wa viongozi wa vyama, Nick Clegg, kiongozi wa chama cha tatu, Liberal Democrats, aliwafunika Gordon Brown na David Cameron. Kura za maoni zikampandisha kwa kasi, magazeti yakamshangilia. Uchaguzi ulipofika chama chake kilipoteza viti vitano.

Kuna ubishi mmoja utakaoletewa, na ni wa haki: Joe Biden. Aliingia mdahaloni na Trump huko Atlanta 27 Juni 2024, na tarehe 21 Julai akajiondoa kwenye kinyang'anyiro. Je, huo haukuwa mdahalo uliobadilisha kila kitu? Ulibadilisha, lakini tazama uliwatikisa nani. Kura za maoni zilisogea kidogo tu. Waliotikisika ni wakubwa wa chama chake na wafadhili. Usiku ule ulipita juu ya vichwa vya wapiga kura ukaanguka ofisini kwa wenye chama.

Hilo pia linaeleza kwa nini wakubwa hususia. Anayejiona yuko mbele hana faida ya kwenda, ana hasara tu. Wamarekani baada ya 1960 walikaa miaka 16 bila mdahalo wa urais, maana mwaka 1964, 1968 na 1972 aliyekuwa mbele hakuona sababu. Kenya hakuna sheria inayomlazimisha mgombea. Na watazame wenyewe walichofundishwa: 2017 aliyesusia alitangazwa mshindi, ingawa Mahakama ya Juu ilifuta matokeo yale 1 Septemba, na 2022 aliyekwenda alishinda. Kwenda na kutokwenda, hakuna aliyeadhibiwa. Kwa hivyo usijenge mipango ya maskani yako juu ya matumaini kwamba 10 Agosti 2027 ikikaribia wakubwa wote watajitokeza. Huenda wakaja, huenda mkaona kiti kitupu tena.

Sasa nusu ya pili ya jibu langu, ile ambayo wenzako hawajaifikiria. Mwaka 2012 Sierra Leone walikuwa na uchaguzi wa bunge. Watafiti watatu, Kelly Bidwell, Katherine Casey na Rachel Glennerster, walishiriki katika kazi ambayo utaifahamu mara moja: midahalo ya wagombea ubunge ilirekodiwa, kisha ikazungushwa vijijini na kuonyeshwa usiku kwa projekta, watu wamekusanyika nje, kama mlivyofanya nyinyi. Vijiji vingine vilionyeshwa na vingine havikuonyeshwa, ili walinganishe. Walioonyeshwa walitoka wakijua zaidi, nani anataka nini na mbunge kazi yake ni nini. Na kura zilihama, zikaelekea kwa waliofanya vizuri mdahaloni. Wagombea nao wakaongeza kampeni kule kulikoonyeshwa. Lililonifurahisha mimi ni la baadaye: wabunge walioshiriki midahalo ile, walipochaguliwa, walirudi zaidi kwa watu wao na kutumia zaidi fedha za maendeleo ya eneo.

Kwa nini kule kura zilihama na kwingine hazikuhama? Kwa sababu watu hawakuwa na habari. Raila alipoingia mdahalo wa 2013 Mkenya wa kawaida alikuwa amemsikia kwa zaidi ya miaka 20. Usiku mmoja utamwongezea nini? Lakini mgombea ubunge wa kijiji fulani hakuna aliyewahi kumsikia akijibu swali ambalo hakulipanga mwenyewe.

Haya, njoo Mombasa. Kaunti hii ina wadi 30. Jioni moja, karata zikiwa zimetulia, waulize wenzako wakutajie watu watatu waliowania uwakilishi wa wadi yenu mwaka 2022, na kila mmoja aliahidi nini kuhusu maji. Nitashangaa mkipata majina mawili. Ni huyu mtu mnayekutana naye kila siku kwa taka zisizozolewa na taa za barabarani zisizowaka, na mlimchagua kwa rangi ya chama au kwa kuwa ni shemeji ya fulani. Hata ugavana, ambao angalau una makelele: kura ya gavana wa Mombasa mwaka 2022 iliahirishwa kwa sababu karatasi zilichanganywa, ikapigwa 29 Agosti, Abdulswamad Nassir akamshinda Hassan Omar. Wiki tatu zile za ziada mji ulikuwa na nafasi nzuri mno ya kuwasikiliza hawa wawili kwa makini, kura nyingine zote zimekwisha. Tulizitumia kubishana kuhusu matokeo ya Nairobi.

Kwa hivyo ukiniuliza muonyeshe upi, nakwambia muonyeshe mkubwa kwa chambo, na mdogo kwa samaki. Usiku wa urais utajaza watu bila kuitwa. Humo tangazeni kwamba wiki ijayo, pale pale, wagombea wa wadi yetu watakaa viti vitano na kuulizwa maswali. Watakuja wachache, nusu ya wale au robo. Usivunjike moyo. Hao robo ndio ambao maneno watakayoyasikia bado yana pa kuingia. Na wagombea wenyewe hawatakukimbia kirahisi, kwa sababu moja ambayo wakubwa hawana: kwenye wadi hakuna kura za maoni. Hakuna anayejua kama yuko mbele, hivyo kila mmoja anaogopa kukosekana. Tena anaishi mtaa wa pili. Akisusia, mamake ataulizwa sokoni.

Jambo la lugha sikuliona kwenye barua yako na nilitarajia uliseme. Midahalo ya urais imekuwa ikiendeshwa kwa Kiingereza kwa sehemu kubwa, nchi ambayo katiba yake, ibara ya 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Unajua kinachotokea maskani: anapatikana kijana mmoja aliyesoma, anawatafsirieni wazee palepale, sentensi kwa sentensi. Nimewahi kukaa nyuma ya mkalimani kama huyo, Mji wa Kale, na daftari langu. Mgombea wake alipojibu vibaya, tafsiri ilikuja fupi na safi. Wa pili alipojibu vizuri, tafsiri ilikuja na kikohozi. Wazee walidhani wametazama mdahalo wa Nairobi, kumbe walitazama mdahalo wa yule kijana. Mdahalo wenu wa wadi uwe kwa Kiswahili, cha hapa hapa, na mkalimani hamtamhitaji.

Kwenye Kiswahili mna hazina ambayo televisheni hawana. Mji huu umezoea majibizano kabla haujaona waya wa stima. Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, alishindana kwa mashairi na washairi wa upande wa Lamu wakati miji hii miwili ina uhasama, na watu walisikiliza, wakakariri, wakahukumu. Kanuni ya malumbano unaijua: anayejibu shairi hushika hoja ya mwenzake na bahari yake, yaani muundo wa shairi lake. Huwezi kuulizwa kuhusu jahazi ukajibu kuhusu mnazi, utachekwa hata kama beti zako ni tamu. Wafundisheni watu wenu kipimo hicho kimoja tu. Kila mgombea akimaliza, msimamizi asiulize nani ameshinda. Aulize kikundi: je, amejibu alichoulizwa? Watu wainue mikono. Nimejaribu kitu kama hiki na wanafunzi, wafuasi wa vyama hasimu, na niliona mfuasi akiinua mkono kukiri kwamba mtu wake amekwepa swali. Hakumhama. Lakini alikiri mbele za watu, na kwa muda uliobaki alisikiliza kwa sikio jingine.

Mengine ya uandaaji mtayajua wenyewe. Maswali yakusanywe kwa watu wiki nzima kabla, kwenye karatasi zisizo na majina, kina mama wa mbaazi waulizwe na vijana wa bodaboda waulizwe, si nyinyi wenye maskani peke yenu. Nani aanze, pigeni kura ya bahati mbele ya wote. Dakika ziwe sawa na ziwe chache. Asiyekuja kiti chake kibaki na jina lake, na swali lake lisomwe kama kawaida, kisha kimya cha dakika nzima. Kuhusu kimya nina ushahidi wa ajabu: mwaka 1976, mjini Philadelphia, sauti ilikatika katikati ya mdahalo wa Gerald Ford na Jimmy Carter, na wote wawili wakasimama jukwaani dakika 27 bila kusema, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kukaa. Nyinyi stima ikipotea, na huku kwetu itapotea, msitawanyike. Muwe na taa ya betri na mwendelee kwa midomo mitupu, mkutano wa wadi hauhitaji umeme.

Rekodini kwa simu, kikamilifu, bila kukata vipande. Baadaye kila upande utakata kipande chake na kukizungusha, hilo hamtalizuia, lakini pawepo mahali penye kitu kizima. Na kabla wagombea hawajaanza, gaweni vijikaratasi vyenye maswali mawili: wataje wagombea unaowajua, na useme kama umeamua. Mwisho gaweni tena vile vile. Msiulize wameamua nani, hiyo si kazi yenu na itawaogopesha. Niletee vijikaratasi hivyo nikusaidie kuvihesabu, hiyo nitaifanya bure na kwa furaha.

Pesa mlichanga wenyewe 2022, na nakusihi mchange wenyewe tena. Mara tu habari zitakapoenea, mgombea mmoja atatuma mtu na ujumbe wa upole: kahawa, tende na projekta juu yake. Mkatalieni kwa upole huo huo. Sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inahesabu chakula na kinywaji cha kumvuta mpiga kura kuwa hongo. Mkipungukiwa, niandikie. Birika langu la kahawa ni kubwa, na mimi siwanii kitu.